Nilizibana, Kisha Nikazifuta

Ndugu zangu wanaamini kwamba kanda za video za marehemu baba ziliharibiwa na ukungu wa Tanga. Niliwaambia hivyo mimi, na si kweli. Nilizifuta kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu, tena nikijiona ndiye mtaalamu wa ukoo.

Baba alikuwa na kamera ndogo ya MiniDV. Aliibeba kwenye kila shughuli: maulidi, harusi, hata siku za kuangua nazi shambani. Saa moja ya kanda hizo, ukiihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, inakupa faili la gigabaiti 13 hivi. Faili hilo ni kanda yenyewe, maana waya haupigi picha upya. Unanakili namba zilizo kwenye utepe kama zilivyo. Hatua hiyo niliifanya vizuri. Laiti ningeishia hapo.

Diski yangu ilikuwa ya gigabaiti 160. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam (ulifika Julai 2009), na enzi hizo mtu aliyejua kupunguza ukubwa wa faili aliheshimika. Tulikuwa tukiazimana filamu zilizobanwa hadi megabaiti 700 ili zienee kwenye CD moja, na zilitazamika bila taabu. Nikajiuliza: ikiwa sinema nzima ya Marekani inaenea humo, saa moja ya bibi yangu akicheza uani itashindwaje kukaa kwenye megabaiti 200?

Inashindwa, na sababu yake ningeijua kama ningesoma kurasa mbili zaidi. Programu ya kubana video huokoa nafasi kwa kutafuta kisichobadilika kati ya fremu moja na inayofuata. Sinema imepigwa kwa taa za kutosha na mkono uliotulia. Baba alikuwa akitembea huku anapiga, kwa hiyo kila kitu kilibadilika kila mara. Na usiku, kwenye mwanga wa balbu moja, kamera ile ilijaza picha chenga. Chenga nazo ni mabadiliko matupu. Programu ikamaliza akiba yake kuhangaika na chenga, na nyuso za watu zikapata makombo.

Mimi nami nikaisaidia kuharibu. Picha ya 720 kwa 576 niliishusha hadi 320 kwa 240. Kanda za mfumo wetu wa PAL hubeba nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri kwanza halafu ya shufwa, au kinyume chake. Nikaiamuru programu itupe nusu ya hizo, na ngoma ikabaki inarukaruka. Sauti niliibana mpaka bibi akawa kama anaongea ndani ya mtungi. Kuna mahali anamwambia baba jambo, na baba anacheka nyuma ya kamera mpaka picha inatikisika. Kicheko kimebaki. Alichoambiwa hakisikiki.

Hata tarehe zilikwenda. MiniDV huandika siku na saa ndani ya kila fremu, ikiwa saa ya kamera imewekwa sawa. Mafaili yangu yana tarehe moja tu, ile niliyoyabana.

Niliyakagua kwenye dirisha dogo la kompyuta, sekunde chache kila moja, nikasema safi. Nikafuta mafaili makubwa. Wakati huo nilikuwa nikipiga video za harusi kwa malipo na kanda mpya zilikuwa ghali, basi nikarekodi juu ya zile za baba.

Miaka ikapita. Juzi shangazi na mama mdogo walikuwa wakibishana kuhusu kanga aliyovaa bibi usiku wa kumtoa mwali. Wote wawili wanakubaliana kwamba aliivaa makusudi, na kwamba kuna mtu alilengwa. Wasichokubaliana ni jina la kanga, na kwa hiyo hata mlengwa. Wakaniambia niweke video ikate shauri. Niliiweka kwenye runinga kubwa ya sebuleni. Bibi akaja mbele ya kamera, akageuka taratibu, akawapa wote nafasi ya kusoma. Palikuwa na ufito wa kijivu. Shangazi akanitazama: "Mwanangu, hii ndiyo uliyotuhifadhia?" Nikasema ukungu.

Mpwa wangu alijaribu kuisafisha kwa programu ya akili mnemba. Ikatoa herufi nzito, za kupendeza, za lugha isiyokuwepo. Nilimwambia azifute kabla bibi zake hawajaziona, maana wangepata cha kubishania.

Sasa najua kwamba MiniDV yenyewe tayari imebanwa, takribani mara 5, ndani ya kamera. Hata FFV1, njia ya kubana bila kupoteza chochote, kwa kawaida ingelifanya faili lile likue badala ya kupungua. Inawafaa zaidi wanaonakili VHS na Hi8. Kanda ya baba ilitakiwa iachwe na gigabaiti zake 13, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti, na pembeni nitengeneze nakala ndogo ya H.264 ya kurushiana kwenye simu. Kubana hakukuwa kosa. Kosa ni kuifanya nakala ya kutazama kuwa ndiyo asili, kisha kuchoma daraja. Leo diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya saa 70 za kanda hizo.

Harusi nilizorekodi juu ya kanda za baba zipo zote. Nimezinakili kwa waya, bila kubana hata biti moja, na kanga zote zinasomeka. Wenyewe siwajui tena wako wapi. Aliyeoa Tanga miaka hiyo na hana video yake anaweza kuniuliza.