Akifika Singida hazibi mdomo anapocheka

Basi la kutoka Dodoma liliposimama stendi ya Misuna, kitu cha kwanza kilichompokea kilikuwa upepo. Ulikuwa mwezi wa nane, na upepo wa Singida wa mwezi huo anaujua tangu utoto. Unapeperusha khanga, unajaza vumbi machoni na unamlazimu mtu ageuke nyuma ndipo avute pumzi. Alimfunika mwanawe wa miaka miwili na miezi minne, akashuka na begi moja.

Wachuuzi walikuwa wameshazunguka madirisha ya basi. Huyu kashika vitunguu, yule madumu ya mafuta ya alizeti, mwingine kuku wa kienyeji wamefungwa miguu. Mmoja akamwangalia mtoto aliyejificha kwenye khanga, akasema, “Dada, huyo umemleta au umemuiba?” Alicheka sana. Baadaye, akiwa kwenye bajaji, ndipo alipogundua kwamba hakuinua mkono kuziba mdomo.

Dodoma anakofanya kazi, mkono huinuka wenyewe. Anafanya hivyo ofisini, kanisani, hata nyumbani akicheka na mumewe. Picha za harusi yake zote amefunga midomo. Meno yake ya mbele yana rangi ya kahawia, mengine yana vishimo vidogo kama chokaa iliyobanduka. Lakini Singida, dereva wa bajaji ana meno hayo hayo. Muuza maandazi anayo, mwalimu wake wa darasa la pili anayo. Hapo nyumbani hakuna anayemtazama mdomoni.

Mji huo huo ndio uliomtia alama hiyo.

Mji wa kupita

Kwa wasafiri wengi, Singida ni mahali pa kunyoosha miguu, kuchimba dawa na kununua kuku, safari ya Mwanza au Dar es Salaam ikiendelea. Mwanamke huyu alikua akiyaona mabasi yakipita na akiamini kwamba maisha yako huko yanakokwenda. Mji wenyewe ulikuwa na majabali yaliyolala kati ya nyumba, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi. Walicheza kando yake wakiwatazama heroe, lakini hakuna aliyeweza kuyanywa.

Hilo la maji ndilo lililokuwa shida. Mvua Singida ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki watu hutegemea maji ya ardhini. Akiwa mtoto, kazi yake ya kwanza ya siku ilikuwa kupanga ndoo kwenye kisima cha pampu ya mkono, hatua chache kutoka kwao. Maji yalikuwa meupe na ya baridi. Wageni waliyasifia.

Alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni Morogoro, wenzake walimuuliza wiki ya kwanza kwa nini hapigi mswaki. Aliwajibu kwamba anapiga. Hawakuamini. Akaanza kupiga mara tatu kwa siku, kisha kwa mkaa, kisha kwa majivu, mpaka fizi zikavuja damu. Rangi haikutoka. Kuanzia hapo alijifunza kucheka kwa mkono.

Na alianza kuuchukia mji wake, ingawa hakumwambia mtu. Alipoulizwa anatoka wapi, alijibu “Kanda ya Kati” na kubadilisha mazungumzo. Likizo ilipofika alihesabu siku za kurudi nyumbani. Alikosa mlenda wa mama yake na ugali wa uwele, na alikosa kucheka na wenzake bila kujishika. Alitamani kuondoka Singida na alitamani kurudi, mambo yote mawili kwa pamoja, na bado yuko hivyo hadi leo.

Alichoambiwa na daktari

Sababu ya meno yake aliijua akiwa na miaka 30, kwa daktari wa meno jijini Dodoma, siku alipokwenda kung’oa jino la mwisho. Daktari alimtazama, akauliza, “Wewe ni wa Singida au Arusha?”

Akamweleza kuhusu floraidi. Ni madini yaliyomo kwenye miamba, na maji yanayokaa ardhini muda mrefu huyayeyusha. Ukanda wa Bonde la Ufa wote una tatizo hili, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru nchini Kenya, hadi Arusha, Manyara na Singida. Kiasi kidogo cha floraidi hulinda meno yasioze, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Kikizidi, huharibu tabaka la nje la jino wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi.

Hapo ndipo penye uzito kwa mzazi. Meno ya utu uzima ya mbele huanza kutengenezwa muda mfupi baada ya mtoto kuzaliwa, miaka mingi kabla hayajaonekana. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa kwa meno hayo, na hadi umri wa miaka 8 karibu meno yote huwa yamekamilika, isipokuwa magego ya mwisho. Jino likishatoka na alama, mswaki hauiondoi. Na mtu mzima anayehamia Singida leo hawezi kubadilika rangi ya meno, kwa sababu yake yalishakamilika. Hata hivyo, floraidi nyingi mno ikinywewa kwa miaka mingi huweza kudhuru mifupa pia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine, kisha ikashusha hadi 4. Sasa kiwango ni 1.5.

Alitoka kwa daktari akiwa na hasira na hakujua amkasirikie nani.

Mazungumzo jikoni

Safari hii ya mwezi wa nane haikuwa ya kusalimia tu. Dada wa kazi alikuwa ameondoka, mumewe husafiri na lori wiki nzima, na mama yake alikuwa amepiga simu mara tatu akisema, “Mlete mume wangu nikae naye hapa mpaka aanze shule.” Bibi huyo humwita mjukuu wake mume wangu kila siku, na mtoto huitika.

Kila kitu kilimtaka akubali. Kwao kuna uwanja, kuna binamu, kuna kuku wa kukimbiza. Mtoto angejifunza Kinyaturu, ambacho Dodoma hasikii. Lakini alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na meno yake ya utu uzima yalikuwa yakitengenezwa wakati huo huo.

Usiku wa pili, wakichambua mboga, alijikaza akauliza.

“Mama, maji ya kisimani ndiyo utakayompa mtoto?”

“Nitampa ya wapi? Si ndiyo niliyokukuzia wewe?”

“Ndiyo, mama. Na meno yangu unayaona.”

Mama yake aliendelea kuchambua. Baada ya muda akasema taratibu, “Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibu.”

Hakukusudia hivyo, na alijua lisingefutika kwa kusema samahani. Mama yake ndiye aliyevunja ukimya, akamsimulia jambo ambalo alikuwa amelisikia juu juu tu. Kabla yake alizaliwa mtoto wa kiume. Wakati huo walichota maji kwenye mashimo ya mchanga korongoni, pamoja na ng’ombe. Mtoto huyo alifariki kwa kuhara kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kisima kilichimbwa baada ya hapo, na wanawake wa mtaa walicheza ngoma siku maji yalipotoka.

“Wewe hukuwahi kuhara damu,” mama yake alisema. “Mimi niliona nimepona. Meno nani angeyafikiria?”

Alinyamaza. Kisima alichokuwa akikilaumu ndicho kilichomfanya afike hapo alipo. Na mama yake alikuwa amempa maji bora kuliko yote aliyoyajua.

Maji ya mjukuu

Asubuhi walichukua chupa safi ya plastiki, wakachota maji, akaenda nayo kwenye maabara ya ubora wa maji. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha, hivyo kipimo ndiyo njia ya kujua. Tena visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana sana, kimoja kikawa salama na kingine kikazidi. Majibu yalipotoka, kisima chao kilikuwa kimezidisha kiwango zaidi ya mara mbili.

Mama yake aliuliza swali ambalo wazazi wengi huuliza: si tutayachemsha? Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na hivyo huzidi kwa kila lita. Dawa ya maji ya vidonge nayo haiondoi. Ipo njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng’ombe, iliyofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, lakini mkaa huo huchoka na hutakiwa kubadilishwa.

Njia iliyowafaa wao ilikuwa juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Wakapiga hesabu wakiwa wamekaa mlangoni. Mtoto mmoja, kwa kunywa na kupikiwa uji, anahitaji kama lita 3 kwa siku. Kiangazi cha siku 210 ni lita 630. Tangi la lita 1,000 linatosha na kubaki. Paa la bati la mita za mraba 30 likipata milimita 40 za mvua hutoa lita 1,200, hata zikipotea kadhaa tangi linaweza kujaa. Kinachotakiwa ni gata, mfuniko mzuri, na subira ya kuacha mvua za mwanzo zioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kukinga. Kisha maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Kuoga, kufua na kuosha vyombo, kisima kinaendelea.

Zilibaki habari za jikoni. Mlenda hupikwa kwa magadi, na baadhi ya magadi yana floraidi nyingi. Bibi aliguna. Mlenda bila magadi kwake si mlenda. Wakakubaliana sufuria ndogo ya mjukuu itapikwa peke yake. Kuhusu dawa ya meno, mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosha kuwekewa kiasi cha punje ya mchele, na akishafika mitatu kiasi cha punje ya njegere, akisimamiwa asiimeze. Na kwa mama mwenye kichanga katika maeneo haya kuna habari njema: maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama yeye anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Kunyonyesha bila kumpa maji miezi sita ya mwanzo humlinda mtoto na kuhara, na pia humlinda meno.

Mvua ilikuwa bado miezi mitatu. Akamrudisha mtoto Dodoma. Bibi aliwasindikiza hadi Misuna akiwa amenuna, akampa mjukuu kuku mmoja na dumu la alizeti, akasema, “Watu watadhani nimefukuza mume.” Basi lilipopita Ikungi, mtoto alikuwa bado analia.

Ule upande wake unaotaka kukimbia mji haukuisha. Njiani aliwaza kazi ambazo hazipo Singida, vumbi, vijana waliokaa stendi wakisubiri mabasi ya watu wengine. Lakini aliwaza pia kwamba kama familia zilizosoma zitaondoka na watoto wao tu, kisima kile kitaendelea kunyweshwa watoto wa jirani. Alipofika Dodoma alipiga picha karatasi ya majibu ya maabara, akamtumia mwenyekiti wa mtaa wa kwao na mwalimu wa shule iliyo karibu na kisima.

Simu ya mama yake iliingia mwanzoni mwa Januari, akiwa kazini.

“Tangi limejaa mpaka linamwagika. Na jirani naye kaweka gata, anaiga. Mlete mume wangu.”

Alicheka kwa sauti pale koridoni, mpaka wenzake wakageuka. Mkono wake ukainuka, ukaziba mdomo.