Pundamilia wa Upper Marlboro

Ukiifuata Pennsylvania Avenue kutoka Ikulu ya Marekani kuelekea kusini-mashariki, ukalizunguka Bunge na kuvuka mto Anacostia, utatoka Washington na kuingia Maryland. Huko barabara hiyo hiyo inaitwa pia Route 4, nayo itakufikisha Upper Marlboro, mji mdogo wenye mahakama, mashamba na miti mingi. Ni huko ambako mwishoni mwa Agosti 2021 pundamilia watatu walitoroka kwenye shamba la mtu binafsi. Mwanzoni tulitangaziwa kuwa ni watano, kisha hesabu ikarekebishwa.

Sisi wa kaunti ya Prince George's hatukuwa na habari nyingine msimu ule. Kazini, zamu ya usiku, kila aliyejua natoka Tanzania aliniuliza mimi, utadhani wale wanyama walikuja na barua ya kunitafuta. Hata Eleanor Holmes Norton, mwakilishi wa Washington bungeni, alitoa taarifa ya utani akikana kwamba ndiye aliyewafungulia. Utani uliisha pale mmoja wao aliponaswa kwenye mtego akafa. Wawili waliobaki walirejea Desemba.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Yeye alielewa hivi: pundamilia ni mnyama wa Maryland, kama kulungu anayekula maua ya jirani. Kwa muda mrefu, ukimpa picha ya pundamilia ya kupaka rangi, alimwongezea nyuma yake nyumba za matofali na lori la takataka. Michoro yenyewe ilikuwa mizuri. Lakini mtoto wa ukoo wa Morogoro, ambaye bibi yake akipanda basi la Iringa anawaona pundamilia dirishani pale Mikumi, kumjua mnyama huyu kwa habari za kutoroka tu? Nikaamua tuanzie kwenye kalamu za rangi, kwa kuwa ndizo alizokuwa tayari kuzishika.

Wazazi wenzangu, angalieni vizuri picha mnazochapa kwenye intaneti. Nyingi zina pundamilia ambaye hayupo popote: farasi mnene aliyechorwa mistari. Pundamilia halisi wako aina tatu, na mtoto wa miaka sita anaweza kuwatofautisha akielekezwa mahali pa kutazama. Anza na tumbo. Pundamilia wa nyika, yule wa Mikumi, Serengeti na Maasai Mara, ana milia mipana inayoshuka mpaka chini ya tumbo. Pundamilia wa Grevy, wa Samburu na kaskazini ya Kenya hadi Ethiopia, ana milia myembamba iliyosongamana, tumbo jeupe, na masikio makubwa ya mviringo. Wa tatu ni wa milimani, wa Namibia na Afrika Kusini, mwenye ngozi inayoning'inia chini ya koo. Na watoto wao wachanga? Toa kalamu ya kahawia, maana milia yao huanza na rangi hiyo.

Hapo Kiswahili kinakuja chenyewe. Neno limejieleza: punda, mwenye milia. Binti yangu alikuwa akisema "stripe" kwa kila kitu, na sasa anahesabu kwa sauti: mlia mmoja, milia miwili, milia mitatu. Mlia mwembamba, milia myembamba. Nimewahi kumsahihisha ngeli hizi mezani mpaka chakula kikapoa, bila mafanikio. Kwenye karatasi anajisahihisha mwenyewe.

Huyo wa Grevy ana kisa cha hapa hapa kwetu, na ndicho ninachopenda kuwasimulia watoto tukipita Bethesda. Jina lake limetokana na Jules Grévy, rais wa Ufaransa, aliyepelekewa mnyama huyo na Menelik wa Ethiopia mwaka 1882. Mwaka 1904 Menelik, sasa akiwa mfalme mkuu, alimtumia zawadi kama hiyo Rais Theodore Roosevelt. Pundamilia huyo aliitwa Dan. Alifikia bustani ya wanyama ya taifa, hii hii ya Connecticut Avenue tunayoingia bila kiingilio. Wizara ya Kilimo ilikuwa na kituo cha majaribio Bethesda, na huko ikajaribu kumzalisha na farasi na punda ili ipate mnyama wa kazi mwenye nguvu. Dan hakuwataka farasi. Watoto hucheka sana hapo, nami siongezi maelezo.

Kuna siku mdogo wake alimpaka pundamilia madoa badala ya milia, dada mtu akamcheka. Nikawaonyesha picha ya mtoto wa pundamilia aliyeonekana Maasai Mara mwaka 2019, mweusi mwenye madoa meupe, aliyepewa jina Tira kutokana na mwongoza watalii aliyemwona. Mdogo alitembea kifua mbele siku nzima. Hakuna pundamilia wawili wenye milia inayofanana, ndiyo maana mwaka 2016 huko Kenya wananchi wa kawaida waliombwa wawapige picha wale wa Grevy, ubavu wa kulia, ili wahesabiwe mmoja mmoja. Waliopatikana ni elfu mbili na ushee. Kwa hiyo nyumbani kwetu kila mchoro sasa una jina.

Jumapili hupiga simu ya video kwa bibi. Zamani mazungumzo yalikuwa "Shikamoo bibi," "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" "Sijambo," kisha simu inarudi kwangu. Majuzi binti aliinua karatasi yake mbele ya kamera.

"Mbona tumbo umeliacha jeupe, mjukuu wangu?" bibi akauliza. "Wa Mikumi wana milia mpaka chini."

"Huyu si wa Mikumi, bibi. Huyu ni wa Samburu. Milia yake myembamba. Angalia masikio."

Bibi akavaa miwani. "Ehe," akasema, "hebu msogeze karibu nimwone."