Harufu Haihukumu

Kijana niliyemfundisha zamani aliniuliza: "Mwalimu, mbona bangi nyingine hunukia kama ndimu?" Swali la elimu halikataliwi. Harufu hutoka kwenye mafuta ya mmea. Mojawapo, limonini, limo pia katika maganda ya ndimu na machungwa. Mbangi, kama mpapai, una dume na jike. Chavua ya aina moja ikiangukia ua la jike la aina nyingine, huzaliwa chotara; lakini ukipanda mbegu za chotara huyo, wajukuu hawafanani, kama Mendel alivyoonyesha kwa njegere mwaka 1866.

Hata hivyo, mwanangu, harufu haipimi ukali. Kinacholevya hasa ni THC, nayo si hiyo inayonukia. Wala utamu wa harufu haulegezi sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015: kulima bangi kwaweza kumfunga mtu miaka 30. Piga hesabu: kijana wa Uluguru aingiaye na miaka 20 atatoka na 50. Milima hiyohiyo, kule Kinole na Matombo, huotesha karafuu na mdalasini. Mkarafuu huchelewa kuzaa, ni kweli. Ila mwenye nao hulala usingizi.