Kansa inatuma mizigo, wazee wetu wananyamaza

Wasee, leo tuongee kuhusu eksosomu. Ni vifuko vidogo sana ambavyo seli hutoa nje. Vidogo aje? Panga kama 10,000 kwa mstari mmoja ndio ufikishe milimita moja.

Mwaka 1983, timu ya Rose Johnstone kule Montreal, Kanada, iliona vifuko hivi vikitoka kwenye seli changa za damu ya kondoo. Kwa miaka mingi watu wakadhani ni seli inamwaga takataka zake tu. Kumbe ni mizigo. Ndani kuna protini na RNA, na seli ikipokea inaweza kubadilisha kazi yake.

Sasa kuja kwa saratani ya tezi dume. Ikisambaa, inapenda sana mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Tafiti za maabara zinaonyesha eksosomu zake zinaweza kufika kwa seli za mifupa na kuziandaa. Ni kama msee wa Nairobi anatuma godoro na sufuria Kisumu na matatu, halafu yeye anafuata baadaye. Akifika, keja iko tayari. Si njia pekee ya kansa kusambaa, lakini inachunguzwa sana.

Hii stori inanigusa. Mjomba wangu aliumwa na mgongo mwaka mzima. Alikandwa, akameza dawa za maumivu, akalaumu bodaboda. Vile mkojo ulimsumbua usiku hakuambia mtu, hata bibi yake. Alipopimwa, kansa ilikuwa imeshafika mifupani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinifanye daktari wako. Lakini naona wazi kwamba seli za kansa zinapashana habari kuliko wanaume wa familia zetu. Marekani tayari kuna kipimo cha mkojo kinachosoma RNA ya eksosomu, kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa atolewe kinyama cha kupimwa. Poa sana. Lakini hakuna kipimo kitasaidia mzee ambaye hajasema kitu.

Na kansa hii ikiwa changa mara nyingi haina dalili. Kama buda wako amepita miaka 40, hasa kama kuna ndugu aliyeugua, muulize Jumapili hii kama amewahi kuongea na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Atakasirika kidogo. Muulize tena.