Saa Kumi na Moja za Bibi

Kwanza ilikuwa sauti. Tik. Kimya. Tik, tik. Nilidhani ni mjusi nyuma ya pazia. Ilikuwa Februari, mwezi ambao vyumba vya Dar es Salaam havipoi hata usiku wa manane, na kompyuta yangu ilikuwa juu ya godoro, pale pale nilipozoea kuandikia tasnifu. Nilipopitisha kiganja chini yake, nilikiondoa upesi kama aliyegusa sufuria mekoni.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na saa kumi na moja za sauti ya bibi yangu. Nilimrekodi nyumbani kwake Usangi, katika milima ya Upare, akinieleza kwa Kipare habari za ndiva, mabwawa ambayo wazee walichimba ili kukinga maji usiku na kuyafungulia mashambani asubuhi, na habari za msaragambo, watu walipotoka pamoja kuyazibua. Rekodi hizo ndizo data yangu ya shahada ya uzamili. Kwenye simu nilizifuta ili nipate nafasi. Bibi alifariki Novemba.

Mwenzangu wa chumbani alinishauri niifunge diski kwenye mfuko wa nailoni, niilaze kwenye friza. Nilikaribia kufanya hivyo. Fundi wa Kariakoo aliposikia, alitikisa kichwa.

"Ukiitoa kwenye baridi itatoa jasho kama chupa ya soda. Jasho hilo likiingia ndani, umeiua kabisa, dada."

Alifungua mfuniko. Vumbi lilikuwa limeziba feni kama sufi ya mto. Kisha akanionyesha kumbukumbu ambazo diski hujiwekea zenyewe kuhusu afya zake: joto lilishafika nyuzi 61, na sehemu mbovu zilikuwa zinaongezeka. Alinieleza kwamba ndani kuna sahani zinazozunguka, na juu yake kichwa kinachosoma bila kuzigusa. Kikishindwa kusoma mahali, hurudi na kujaribu tena. Ule mlio ndio huko kujaribu.

"Ina siku ngapi inalia?"

"Wiki tatu, fundi."

Hakusema kitu. Mimi nilimkumbuka bibi akikohoa kwenye simu, na jibu langu: nitakuja nikimaliza mitihani.

Tuliitoa diski, tukaiunganisha kwa waya wa USB na kompyuta yake yenye Linux. Alitumia programu iitwayo ddrescue. Hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huruka zile mbovu, na huzirudia mwishoni. Tena huandika ramani ya ilipofika, kwa hiyo unaweza kuizima na kuendelea baadaye bila kuanza upya. Aliielekezea diski feni ya mezani. Kila joto lilipofika nyuzi 50 tulizima, tukasubiri ipoe. Tulikwenda hivyo siku mbili, mimi nimekaa kwenye kigoda nikitazama namba kama mtu anayeuguza.

Faili zilikuwa 29. Zimepona 27. Moja haifunguki. Nyingine inakatika dakika ya 14, bibi akianza kutaja jina la mtu aliyeamka usiku kwenda kuangalia maji. Unasikia pumzi anavyoivuta, kisha basi.

Nilimpigia mama mdogo. Alinitajia neno moja, kisha akasema, "Lakini mama alikuwa na lake, la kwao kijijini." Hilo la kwao halikumbuki.

Siku hizi nina nakala tatu: moja kwenye diski mpya, moja kwenye flashi aliyonayo mama, moja kwenye hifadhi ya intaneti. Kompyuta naiweka mezani. Katika sura ya tatu ya tasnifu niliandika neno la mama mdogo, na chini yake nikaeleza kwamba rekodi imekatika. Msimamizi wangu ameweka alama pembeni: "Huwezi kurudi kumuuliza msimulizi?"

Bado sijamjibu.