Nilipoitika

Nilizaliwa tarehe 7 Machi, na bibi yangu akanipa jina la shahidi wa siku hiyo: Perpetua. Bibi alibatizwa Nyegina, misheni ile ile alikobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943 akaitwa Julius, wala hakuliacha jina lake la Kambarage. Kinywani mwa Bibi jina langu lilitoka polepole, "Peripetuwa," kama mtu anayetua mzigo wa kichwani.

Nililionea aibu. Shuleni nilijiita Pety. Nilisema Perpetua ni jina la vikongwe, tena la Kizungu. Nilipofungua duka la vitenge Iringo, Bibi alikuja siku moja na mfuko wa dagaa, akaniita jina zima mbele ya wateja. Sikuitika. Nikamwambia, "Bibi, hapa usiniite hivyo." Aliweka dagaa mezani, akatoka kutafuta gari la kurudi Nyegina. Sikumfuata. Hilo ndilo ninaloungama.

Miaka miwili baadaye alipooza upande mmoja, nikaenda kumuuguza. Jumapili moja katekista alitusimulia habari za Perpetua. Alikuwa Mwafrika wa Karthago, Tunisia ya leo, mama wa miaka 22 hivi, ananyonyesha. Mwaka 203 alifungwa kwa ajili ya imani. Baba yake alimsihi aikane. Perpetua akamwonyesha baba yake chombo cha maji, akamuuliza kama chaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Naye vivyo hivyo hakuweza kujiita ila Mkristo. Aliyaandika hayo mwenyewe gerezani, kabla hajauawa. Na jina lenyewe, kwa Kilatini, ni la kudumu, lisilokoma.

Nilitazama mtungi wa Bibi pale pembeni: mdomo umemeguka, kikombe cha bati kiko juu ya kifuniko. Nimeunywea maji tangu utoto. Nililia.

Nilipiga magoti kitandani pake, nikaomba radhi. Maneno yalikuwa yamemwishia karibu yote. Akahangaika na mdomo uliopinda, na lililotoka ni lile nililomkataza: "Peripetuwa." Sikustahili.

"Abee, Bibi," nikaitika.

Aliniita hivyo kila asubuhi kwa miezi minne, hadi alipofariki.

Ndugu msomaji, kama nawe umelificha jina ulilopewa, na aliyekupa bado yu hai, usingoje apooze. Nenda kwake. Akikuita, itika.