Neno "Maji" Katika Nchi Yetu

Yako maneno mafupi ambayo mtu huyatamka mara nyingi kwa siku moja, wala asifikiri hata kidogo ayasemalo. Hivyo ndivyo tulivyolihesabu sisi neno maji, hata mzee mmoja wa upande wa Kibiti alipotufundisha. Habari yake tutaieleza. Lakini kwanza na tutembee kidogo pamoja na neno lenyewe, maana hapa kwetu lina nyumba nyingi.

Mgeni atokaye bara akifika Nyamisati, akauliza chombo kitaondoka saa ngapi, hujibiwa, "Twangoja maji." Naye hustaajabu, kwa kuwa maji anayaona mbele ya macho yake. Hajui ya kuwa kwa watu wa delta maji ni bahari inapojaa na inapokupwa, nayo ndiyo saa yao. Kuna siku za bamvua, ambapo maji huingia mpaka ndani ya mikoko, na siku za maji mafu, ambapo hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Asiyejua hayo atalala juu ya tope na mtumbwi wake. Hata manowari wamewahi kushindwa na jambo hilo. Wadachi walipoificha meli yao Königsberg katika delta mwaka 1914, meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa sababu maji yalikuwa haba chini yao. Ikabidi ziletwe meli mbili zisizozama sana, Severn na Mersey, ndipo Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Ukiacha mikoko ukapanda bondeni, neno lile lile limekwisha geuka. Mkulima wa Rufiji akisema, "Mwaka huu maji yalikuja," hasemi habari za bahari, bali za mto uliotoka katika kingo zake. Wala usimwambie pole upesi. Mto huacha tope jema, na maji yakiisha kupungua watu hupanda katika unyevu ule, nacho kilimo hicho hukiita mlau. Wazee walijenga madungu, nyumba za juu ya miti, wakakaa humo kuulinda mpunga wao huku maji yakipita chini. Lakini maji hayo hayo mwezi wa Aprili 2024 yalikuja kwa nguvu nyingi mno, yakaharibu mashamba na nyumba za watu katika Rufiji na Kibiti. Neno moja, baraka na msiba. Na asemaye hulitamka kwa sauti moja, ila uso wake ndio utakaokuambia ni lipi.

Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi kuliko sisi katika upande huu wa Rufiji, wana maji ya udhu, nao wana kombe: aya huandikwa katika sahani nyeupe kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Nasi tuna maji ya ubatizo. Basi tulidhani ya kuwa tukilisema neno hili mbele ya mtu asiyeamini, atasikia tunachosikia sisi: kuoshwa, na kuzaliwa upya.

Sasa tumfikie mzee wetu. Mwaka 2019 tulikuwa tukimfundisha mjukuu wake, binti aliyetaka kubatizwa. Mzee alikuwa amepita miaka themanini. Tulikwenda kwake jioni kumwomba ruhusa, kama ipasavyo, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri, tukakaribishwa kitandani pa kamba nje ya nyumba. Tukamweleza kazi yetu. Tulipofika penye maneno, "Naye atatiwa maji," mzee akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "maji hayo yana dawa gani?"

Tukajibu ya kuwa hayana dawa, ila yana nguvu ya Mungu.

"Yanazuia nini?"

Hapo, na twaona haya kuandika, tulicheka. Tulidhani ni ujinga wa mzee wa kijijini. Yeye hakucheka. Alinyamaza kitambo, akamwambia binti alete maji ya kunywa, tukanywa, tukaaga. Tuliondoka bila ruhusa.

Katika darasa la historia wengi wetu tulijifunza ya kuwa mwaka 1904 huko Ngarambe alitokea Kinjikitile Ngwale, aliyesemwa kuwa ameingia katika kidimbwi cha mto, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Watu wakamwendea kutoka pande nyingi, akawapa maji, nayo yalisemwa kuwa yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vikaanza. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini neno lake lilikwisha kumtangulia, likafika mpaka Ungoni. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Wako wanaotaja elfu sabini na tano, na wengine wanaohesabu mara tatu au nne ya hao. Hayo yote tulikuwa tumeyaandika katika madaftari, tukajibu maswali, tukapata alama. Kwetu Maji Maji lilikuwa jibu la mtihani, na baadaye jina la ushujaa. Hatukukumbuka kwamba katika nyumba fulani lingeweza kuwa jina la mtu asiyerudi.

Tulirudi kwa mzee baada ya juma mbili, safari hii bila kitabu. Tukamwomba radhi kwa kicheko chetu. Ndipo alipotusimulia. Babu yake mzaa baba alikwenda Ngarambe kwa miguu, akarudi na maji katika kipande cha mwanzi, amekifunga shingoni. Mkewe alikuwa na mimba. Alimwambia mkewe, "Usiogope, nimekwisha tiwa maji." Maneno yale yale, ndugu zetu! Akaenda, na habari yake haikusikika tena. Mtoto aliyezaliwa ndiye baba yake mzee huyu. "Bibi yangu alipokufa," akasema, "alikuwa hajapata kumsamehe mtu aliyesema neno hilo. Nawe umekuja kwangu, umeketi hapa hapa, umelisema juu ya mtoto wangu."

Usidhani ya kuwa jambo hili lilikwisha pamoja na Wadachi. Katika Kongo ya mashariki maji huitwa mai, na mwaka 1964 wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa maji wasipatwe na risasi, wakaenda vitani wakipaza sauti, "Mai Mulele!" Vikundi vya baadaye huko vimeitwa Mai-Mai kwa sababu iyo hiyo. Basi mwalimu wa dini afikaye huko akasema neno lake jema, hajui limekwisha pita mikononi mwa nani kabla yake.

Tulimwambia mzee wazi, pasipo maneno ya kitabu, kwamba maji yetu hayazuii risasi, wala homa, wala mafuriko. Aliyebatizwa hufa kama watu wote. Tukaogopa ya kuwa tumeiharibu kazi yetu kwa mkono wetu. Mzee alitazama chini muda mrefu.

"Mbona hukusema hivyo siku ile?" akauliza.

Hatukuwa na jibu.

Siku ya ubatizo alikuja. Hakuingia, alisimama mlangoni, kofia yake kichwani, fimbo mkononi. Kabla ya kuanza akatuita kando, akataka kuyaona maji. Tukamletea ndoo. Akainama, akachota kwa kiganja, akayanusa, akaonja. Watu wote walinyamaza wakimtazama.

"Yana chumvi kidogo," akasema. "Ni ya kisima cha hapa chini." Akajifuta mkono katika kanzu, akamwita mjukuu wake kwa jina lake la nyumbani, akamwambia apite.